Tumekatazwa Kumwita Dokta

Profesa wa udongo alisema watu wamezidi. Profesa wa sosholojia alisema udongo umezidi. Mwombaji, ambaye alikuwa amesimama katikati yao na bahasha kwapani, aliwashukuru wote wawili kwa maoni yao mazuri, akarudi nyumbani kuandika upya andiko la utafiti ambalo alikwisha kuliandika upya hadi mkewe akaacha kuuliza ni mara ya ngapi.

Mkewe alikuwa barazani, miguu kwenye cherehani, akishona sare za shule. Alimwona anavyoingia, mabega yameshuka na viatu vimejaa vumbi, akajua maprofesa wameshafanya kazi yao.

"Leo wamesemaje?"

"Huyu anataka niondoe majirani. Yule anataka niondoe jaa."

"Sasa ukiondoa majirani na ukaondoa jaa, kinabaki nini?"

"Marejeo," mumewe akasema, akaingia ndani bila kucheka.

Ufadhili aliokuwa akiuomba ulikuwa wa shahada ya uzamivu, tena wa utafiti mtambuka. Neno hilo lilikuwa limeingia chuoni kwa kishindo. Idara ambazo kwa miaka zilishirikiana choo tu, na hata hicho kwa kununiana, sasa zilibandika milangoni kwamba zinathamini utafiti mtambuka. Wakuu wa vitivo walilisema kila walipofungua semina, na walipofunga pia, na mchana wakaenda kula kila mmoja na watu wake.

Maskini mhadhiri wetu aliwaamini. Alikuwa mwalimu wa sayansi ya udongo, na nyuma ya nyumba za mtaa wao kulikuwa na jaa la taka lenye udongo mweusi, mnono, ambao ungelisha bustani za mtaa mzima. Hakuna aliyeugusa. Kila nyumba ilisema taka ni za nyumba ya pili, na mtu akionekana na jembe pale husemwa wiki nzima. Yeye akataka kujua yote mawili: kilichomo ndani ya udongo ule, na kilichomo ndani ya watu hadi wauache. Alidhani huko ndiko kutambuka kwenyewe. Hakujua kwamba wenzake walilipenda neno, si kazi yake.

Na kuacha alikuwa haruhusiwi. Chuo kilikuwa kimetoa waraka kwamba mhadhiri yeyote ambaye hatakuwa amesajiliwa kwa uzamivu mwaka mpya wa masomo ukianza, mkataba wake hautaongezwa. Ada ya kusajiliwa chuo hakikuitaja, kwa sababu waraka ulikuwa wa kurasa mbili na nafasi haikutosha. Ufadhili ulikuwa mlango wa pekee. Ukifungwa, kazi imekwenda, na nyumba nzima, pamoja na mama yake na watoto wawili, itaning'inia kwenye sindano ya cherehani moja.

* * *

Barua pepe ya wafadhili ilifika mchana, mke akiwa anatia vifungo. Mumewe alitoka chumbani ameshika simu kwa mikono miwili.

"Nimeingia hatua ya mwisho."

Mke alipiga kigelegele kimoja, kisha akamtazama vizuri. "Mbona umenywea?"

"Wanakuja Alhamisi. Wanataka kuliona jaa na kuzungumza na jamii."

"Si ndiyo vizuri?"

"Jamii ipi?" mumewe akauliza. "Si hii hii ya hapa mtaani?"

Sindano ikasimama.

Mtaani, huyu bwana aliitwa Dokta. Hakuitwa kwa utani. Mwenye duka alimwita Dokta, watoto walimwamkia Dokta, na mwenye nyumba, alipokuja kudai kodi, alidai kwa adabu kwa sababu ni ya Dokta. Aliyeanzisha ni mama yake mzazi. Siku ya mahafali ya shahada yake ya pili, mama aliona joho, akaona kofia, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na aliporudi akautangazia mtaa kwamba amezaa Dokta. Mwanawe alisikia kwa masikio yake. Alijiambia atamwelewesha mama akishapumzika na safari. Mama alishapumzika miaka mingi, na maelezo yalikuwa bado yako njiani.

Tangu siku hiyo yule bibi alikuwa Mama Dokta. Kwenye harusi alikaa kiti cha mbele kabisa, na kwenye misiba vilevile. Kiti hicho kabla yake kilikuwa cha Mama wa Kona, jirani wa nyumba ya mwisho, ambaye mwanawe ni karani wa benki na aliamini kuwa hilo linatosha. Hata mke naye hakuwa na mikono safi. Juu ya cherehani yake palikuwa na kibao kilichoandikwa USHONI WA MKE WA DOKTA, na hakuwahi kukionea aibu, kwa sababu kilimletea wateja.

"Mwaka jana kuna mtu alichukua ufadhili huu, kumbe udokta alikuwa nao tayari, wa chuo kingine," mumewe akasema. "Sasa wanahakiki. Sharti la kwanza kabisa, mwombaji asiwe na shahada hiyo."

"Na wewe huna."

"Sina."

"Mtaa mzima tunaolijua hilo ni mimi na wewe." Mke aliweka mkasi chini. "Mwambie mama."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baadaye."

"Hiyo baadaye yako ndiyo imetufikisha hapa!"

Lakini msomi alikuwa na mpango. Mama atapelekwa kwa mdogo wake Alhamisi, akashinde huko. Majirani nao wataombwa, kwa siku hiyo moja tu, wasimwite Dokta. Sababu wataambiwa kwamba wageni wanachukia majivuno. Mke alimuuliza kama mpango huo nao umepitiwa na maprofesa wote wawili. Halafu, kwa kuwa mumewe alikuwa na kazi ya kupunguza udongo kwenye sura ya tatu, kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba ikamwangukia yeye.

* * *

Mwenye duka alimsikiliza huku akipima sukari. "Huo ndio unyenyekevu, shemeji. Ningekuwa mimi ningeandika mgongoni."

Mama wa Kona alikuwa akifagia. Hakuacha kufagia. "Nisimwite Dokta? Kwani mimi nilimwita lini?"

Aliyebaki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa, ambaye watu walimwita Spika kwa sababu hata bomba likipasuka lazima kwanza ahutubie. Spika alimpokea mke kwa mikono miwili, akamkalisha, akasikiliza ombi lote amefumba macho.

"Niachie mimi," akasema. "Nitawaandaa wananchi."

"Hakuna cha kuandaa, mzee. Ni kunyamaza tu."

"Hata kunyamaza kunahitaji maandalizi."

Mke alitakiwa aogope palepale. Lakini jua lilikuwa kali, miguu ilimuuma, na sare za watu zilikuwa zinamngoja. Alirudi nyumbani, akang'oa kibao chake ukutani, akakisukuma chini ya kitanda. Ukuta ulibaki na matundu manne ya misumari, akatundika sare juu yake.

Alhamisi asubuhi mama alifunga kifurushi chake vizuri, akaoga, akaingia chumbani kubadili nguo. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la sherehe, lile la zambarau alilolivaa kwenye mahafali, na mkufu.

"Mama, kwa mdogo wako unakwenda na mkufu?" mke akauliza.

"Mdogo wangu nitamwona kesho. Wageni wa mwanangu watoke huko kwao, waje wapokewe na cherehani? Mimi nimekufa?"

Mke alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa.

* * *

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye ndiye mkuu wa jopo, na viatu vyake vilionyesha wazi kuwa neno jaa alilisoma tu. Mwingine ni mzee mwembamba aliyeandika kila kitu, hata salamu. Mwanamke alikuwa mchumi na mzee alikuwa mkemia. Mhadhiri aliwaongoza njia ya nyuma, akieleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Alichota udongo akawawekea kiganjani. Aliwaonyesha njia ambazo kila nyumba inapita kwenda kutupa taka ili isionwe na nyumba nyingine. Mkuu wa jopo aliuliza maswali ya mtu aliyevutiwa, na mke, aliyefuata nyuma na trei ya soda, alianza kupumua.

Kisha wakakunja kona, wakawakuta wananchi.

Walikuwa wamepangwa. Wanaume huku, wanawake kule, wote wamevaa nguo za kutokea, mbele ya lundo la taka ambalo miaka yote hakuna aliyekiri kuwa ana uhusiano nalo. Mstari wa mbele kulikuwa na kiti kimoja tu, na juu ya kiti hicho, bila shaka yoyote, alikaa Mama Dokta. Spika alipiga hatua mbele na kukohoa.

"Wageni waheshimiwa," akaanza. "Huyu mnayemwona, sisi wananchi tuna jina tunalomwita. Ni jina la heshima. Ni jina la elimu ya juu kabisa, kuliko zote. Lakini kwa unyenyekevu wake, alimtuma mkewe nyumba kwa nyumba kutukataza tusilitaje mbele yenu. Na sisi tumetii. Hatutalitaja!"

Wananchi wakapiga makofi. Walikuwa wameyafanyia mazoezi.

Mzee wa kalamu aliacha kuandika.

"Jina gani hilo?" mkuu wa jopo akauliza.

"Hilo tulilokatazwa," Spika akajibu.

"Na elimu ya juu kuliko zote ni ipi?"

Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, Spika alikosa la kusema. Alimtazama mke. Mke alikuwa akiitazama chupa ya soda utadhani anasoma mkataba. Mwenye duka, mtu mwema anayependa kusaidia, akadakia kutoka nyuma, "Si jina baya, mheshimiwa! Linaanza na D."

Mkuu wa jopo alivua miwani. Alimgeukia mhadhiri, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule wa mtu anayekaribia kufunga jalada lako. "Bwana, kuna shahada ambayo hukuitaja kwenye maombi yako?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mtu huyu alikuwa ameandika kurasa mia kwa ajili ya watu hawa, sura kwa sura, na sasa alitakiwa kusema hapana, na hapana haikutoka. Pale kwenye kiti mama yake alikuwa amenyoosha mgongo, uso unang'aa, akingoja mwanawe aseme kwa wageni kile ambacho yeye amekisema kwa watu wote.

"Sema," mke akanong'ona. Alimpenda mume huyu, na dakika hiyo angempiga na trei. "Sema, wewe!"

Mkuu wa jopo akageuka. "Labda mzazi atusaidie. Mama, kijana wako hapa anaitwa nani?"

Mama aliinuka taratibu, kama mtu aliyengoja zamu yake kwa muda mrefu. Alirekebisha mkufu. Alimtazama mwanawe ili wafurahi pamoja, na hapo akauona uso wake. Mke, aliyesimama pembeni, aliona jinsi bibi yule alivyousoma uso ule. Ni yeye aliyeulea. Aliujua ukiwa na homa, na aliujua ukiwa umevunja kitu na haujui pa kukificha. Ule mng'ao wa bibi ulizimika.

"Anaitwa Dokta," akasema.

Mzee akashusha kalamu kwenye karatasi.

"Nilimpa mimi jina hilo, angali mdogo," mama akaendelea, kwa sauti ileile ya kawaida ya kueleza habari za nyumbani. "Alikuwa mtoto wa maswali. Umpe chakula, anauliza kimetoka wapi. Umchape, anauliza kwa nini umetumia mkono wa kulia. Nikamwambia, haya Dokta, kaa chini ule. Basi likamganda, na hawa majirani wakalidaka. Hiyo shahada mnayoitafuta hana. Angekuwa nayo, angekuja kuwapigia magoti ninyi?"

Mkuu wa jopo alicheka. Alicheka kwa moyo, mpaka akafuta macho, na mzee naye akatabasamu na kuandika kitu kifupi. Spika, aliyeona upepo umegeuka, akacheka kuliko wote. Lakini upande wa wanawake hapakuwa na kicheko. Walikuwa wakitazamana. Wengi wao walimkumbuka bibi huyu alivyorudi kutoka mahafali, amepotelewa na sauti, akilitaja jina lile kwa mikono.

"Kumbe!" akasema Mama wa Kona. Aliivuta kumbe hiyo mpaka ikafika nyumba ya mwisho.

"Ni kweli, bwana?" mkuu wa jopo akamuuliza mhadhiri.

"Kweli," akasema. "Sina. Sijawahi kuwa nayo."

Wageni wakaendelea na jaa. Mama hakurudi kukaa. Alisimama pembeni, ameshika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono wa pili, na baada ya muda mfupi Mama wa Kona akasema miguu inamuuma, akakaa kwenye kiti.

* * *

Mama alivua gauni la zambarau, akalikunja, akaenda jikoni kuchambua mchele. Mchele ulikuwa umeshachambuliwa. Mwanawe alisimama mlangoni. Mke alijitia anatafuta kiberiti, kwa sababu ndiyo njia pekee ya heshima ya kusikiliza.

"Ile siku ya majoho," mama akasema. "Nililia. Nililia kwa sababu gani?"

"Ilikuwa shahada ya pili, mama."

"Ya pili."

"Ndiyo, mama."

"Nimekalia kiti cha mbele miaka yote hii kwa shahada ya pili." Alitoa chuya moja, akaitupa. "Mbona hukuniambia?"

"Ulifurahi sana. Nikaona nisikukatize."

"Ukaona uniache nitembee uchi mtaani, ili mradi nafurahi."

Mwanawe alikuwa na maprofesa wawili, sura sita na marejeo ya kurasa nzima, lakini hapo jikoni havikumfaa kitu. Mama hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu.

"Mimi sijawahi kusema uongo," akasema. "Baba yako alinidanganya hadi akachoka, mimi sikumrudishia hata mmoja. Leo nimesimama mbele ya jaa la taka, na mkufu shingoni, nimedanganya watu wenye akili zao. Na wale wanawake wote wanajua. Sasa niambie, mtoto wangu, kesho nikitoka hapo nje, mimi ni mama nani?"

Mke aliacha kutafuta kiberiti.

* * *

Wiki zilizofuata mtaa ulikuwa na adabu kupita kiasi, ile adabu inayochoma. Mwenye duka alimwita mhadhiri "bwana" huku akimeza kitu. Spika alieleza kila aliyetaka na asiyetaka kwamba yeye alishuku tangu mwanzo. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, wakasema hawana haraka tena na nguo. Ilipotokea harusi, mama alivaa gauni la kawaida, akafika mapema, akaenda mwenyewe moja kwa moja kwenye mikeka ya nyuma kabla hajaelekezwa na mtu. Alipiga makofi kila palipotakiwa makofi. Mke alikaa naye, na safari hii hakuwa na mzaha hata mmoja.

Majibu yakaja asubuhi ya kawaida kabisa, watoto wakiwa shule. Jopo lilifurahi kumtaarifu kwamba amechaguliwa. Lilisifu ushirikishwaji wa jamii, ambao lilisema halijapata kuuona popote. Mchumi alishauri udongo upunguzwe. Mkemia alishauri watu wapunguzwe.

Mke aliisoma barua hiyo mara mbili, akaketi chini sakafuni palepale, akacheka na kuhema. Mkataba umepona. "Nenda kamwambie," akasema. "Sasa hivi. Ukisema baadaye nakuua."

Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu imevimba kidogo kama ilivyovimba siku hizi, akijipaka dawa. Mwanawe alipiga magoti mbele yake, mke akasimama mlangoni. Safari hii alieleza vyote, kwa mpangilio, bila kuruka. Kwamba amepata. Kwamba hii ndiyo ile yenyewe. Kwamba ni miaka minne, akifanikiwa, na kwamba mpaka siku hiyo yeye si Dokta, na akifeli hatakuwa kamwe.

"Miaka minne," mama akasema. Aliangalia miguu yake. Wote watatu walikuwa wakiifikiria miguu hiyohiyo.

"Nisamehe, mama," mwanawe akasema, na sauti ikamvunjikia. Alijaribu kuimeza, akafunika uso kwa kiganja, akageukia ukutani ili asionekane.

Mama alifunga kopo la dawa. Akaushika mkono ule wenye kufunika uso, akautoa.

"Lia tu, baba," akasema. "Wewe bado si Dokta, unaruhusiwa."